Ngitili ya Mama Yako

Luhende,

Mama yako amekufa. Amekufa kwenye shimo la maji kule mtoni, mchanga ukamfunika. Watu wanasema amelala. Wanasema ametangulia. Wanasema Mungu kampenda zaidi. Mimi siwezi kusema hivyo. Hakulala. Alikwenda kuchota maji, shimo likamwangukia.

Salamu sikupi, tunalala nyumba moja. Ila tangu nilipofika kutoka machimboni hujaniamkia vizuri. Shikamoo yako unaipa ukuta. Kesho asubuhi unaondoka na baba yako mdogo Jilala na ng'ombe, mnashuka kusini kutafuta majani, mpite Tabora mpaka huko Rukwa mnakosema nyasi zinamfika mtu kifuani. Nikisema nawe kwa mdomo tunagombana. Jana umeona. Kwa hiyo naandika. Mwandiko wangu unaujua, niliupata kwenye kisomo cha watu wazima, mwalimu mwenyewe mtoto wa juzi anatupigia rula mezani. Ukikuta herufi zimelala, zisimamishe mwenyewe.

Jua bado lipo. Uko zizini na Jilala mnachagua ng'ombe, nasikia mluzi wako. Nikimaliza nitaitia hii barua kwenye mfuko wako wa michembe. Najua njaa ikikuamsha kabla ya alfajiri, humo ndimo utakamotia mkono kwanza. Viazi vyenyewe alivikata na kuvianika mama yako. Vitakwisha. Tafuna polepole.

Sikuandikii habari za kuvaa, wala kula, wala namna ya kuamkia wakubwa. Hayo mama yako alikufundisha. Naandika habari ya ngitili, majani yanayofungwa yasubiri kiangazi.

Jana nilikukuta nyuma ya nyumba, kwenye ua wa minyaa, panga mkononi. Ulikuwa umeshakata pengo la kupita ng'ombe.

"Unafanya nini?"

"Nafungua."

"Funga."

"Baba, ng'ombe wamekula nini wiki hii? Vumbi. Hawa hawafiki hata Tabora."

"Nimesema funga. Hii ngitili ya mama yako."

"Mama amekufa. Majani anayatakia nini?"

Nikainua fimbo. Hukusogea. Ukaniangalia machoni, ukasema, "Piga. Kupiga unajua. Kukaa nyumbani ndiyo hujui."

Jilala akaja mbio akaingia katikati. "Haya, nyie mkimaliza kuuana mniambie nani atanisaidia kuswaga ng'ombe. Mimi na miguu hii?" Hakuna aliyecheka. Nikashusha fimbo. Ukaondoka. Nikaliziba pengo kwa miiba, mikono ikatoka damu, na hasira haikutoka.

Sasa nisikilize. Hutanijibu leo, na hiyo ndiyo raha ya barua.

Ngitili ya babu yako unaikumbuka kidogo. Ulikuwa mdogo, unachunga ndama tu. Ilianzia kwenye kichuguu kikubwa mpaka kwenye mbuga, migunga na mikambala imesimama, majani chini yamelala kama nywele. Mvua ikianza tu, babu yako anaifunga. Hakuna ukuta, hakuna waya. Anasema imefungwa, basi imefungwa. Ng'ombe wale huko nje, kwenye nyasi za wote. Nje kukiisha kabisa, kukibaki mawe, ndipo anafungua. Na hafungui yote. Leo kipande hiki, kikiisha kile. Wanaanza ndama, ng'ombe wagonjwa na wale wa plau. Wenye nguvu wanasubiri.

Yule mzee alikuwa bahili wa majani sijapata kuona. Chumvi atakupa. Maziwa atakupa. Majani, hapana. Nilipokuwa kijana kama wewe niliingiza ng'ombe mle kabla ya wakati, nikidhani ni mali ya baba, nani atasema? Baba mwenyewe ndiye aliyenipeleka mbele ya wazee wa dagashida, lile baraza letu la jadi. Wale wazee walikaa kikao chao, wakamwambia, "Lakini huyu si mwanao?" Akajibu, "Mwanangu, ndiyo. Je, nyasi zitajuaje?" Nikatozwa mbuzi. Vijana wenzangu waliniita Mbuzi mwaka mzima. Nilikasirika sana. Leo ningempa mbuzi wawili.

Kwa sababu miaka mibaya ilikuwepo hata zamani. Babu yako alinihadithia jua lililoua ng'ombe wa nchi nzima, watu wakala ngozi. Mvua ya huku haikuwa mtumwa wa mtu. Lakini ngitili ilikuwepo, kwa hiyo jua likiwa kali mtu anakonda, hafi. Siku hizi mvua imezidi kuharibika, hilo nalisema na kila mtu analiona. Inachelewa, inakuja kwa fujo siku moja, inabeba mbegu na udongo inakwenda zake, halafu kimya mpaka mahindi yanajikunja kama sigara. Mvua imebadilika. Na sisi tulikuwa tumeshatupa kile kilichotusaidia. Hapo ndipo pananiuma.

Tulikitupaje? Kidogo kidogo. Kwanza pamba. Kila mtu alitaka pamba, mimi wa kwanza. Kipande cha ngitili kikalimwa, kingine kikalimwa. Halafu tukahamishwa kuja kukaa kijijini pamoja, nyumba zimepangwa kwenye mistari kama meno. Shule ilikuja, sikatai, wewe umesoma pale. Lakini ngitili ilibaki kule nyuma, mbali, haina mtu wa kuiangalia. Ng'ombe wa kila mtu wakaingia. Wazee wa dagashida wakawa hawana kauli. Mwenye kauli alikuwa mwenyekiti, na mwenyekiti ndiye alikuwa na ng'ombe wengi kuliko wote.

Mimi nikafanya nini? Ningeweza kusimama kwenye mkutano nikasema, jamani, ile ilikuwa ya baba, ifungwe tena, hata kama ni ya kijiji kizima, ifungwe tu. Sikusema. Nilijiambia, kama wote wanakula, na mimi nile. Nikaingiza ng'ombe wangu wote, mvua bado inanyesha, nyasi bado changa. Siku ile nilijiona mjanja.

Halafu likaja lile lori. Lilikuwa linatafuta magogo ya kupeleka machimbo ya dhahabu, upande wa Kharumwa, ya kuegemezea mashimo yasiporomoke. Wenyewe wanayaita matimba. Dereva ana kofia ya sufu kwenye jua lile. Akauliza, "Mzee, miti hii ya nani?" Nikatazama huku na huku. Nikasema, "Yangu." Wakati wa majani haikuwa yangu, wakati wa lori ikawa yangu.

Mama yako alinikuta nainoa shoka.

"Baba Luhende, miti yote?"

"Nisipokata mimi atakata mwingine."

"Basi akate huyo mwingine. Nitamtukana yeye."

"Mvua ikinyesha itaota."

"Nyasi zitaota. Mkambala utaota lini? Wewe utakuwepo?"

Nikamwambia aende jikoni. Nilikata na Jilala mpaka pale pakawa peupe, unaona nyumba za kijiji cha pili. Nikanunua redio. Unaikumbuka ile redio. Ulikuwa unacheza nayo mpaka betri zinakwisha halafu unazianika juani kama samaki. Na redio yenyewe ilitufanyia kejeli. Nimekaa kwenye kigoda, nimeinunua kwa miti, mtu ndani yake anasema wananchi pandeni miti, limeni mtama, mtama unastahimili ukame. Mama yako anapita na ndoo kichwani. "Msikilize mwenzako," akasema. "Mimi nikisema ni kelele za jikoni."

Mtama alilima. Mimi nililima mahindi kwa sababu ugali wa mahindi ni mweupe na watu wa mjini wanakula mahindi. Nilisema mtama ni chakula cha ndege. Kweli ndege walikuja. Ukawa unashinda juu ya kichuguu na teo lako, unarusha mawe, ukampiga jogoo wa Mama Sayi badala ya ndege, jirani akaja hapa na jogoo mkononi kama anazika. Mahindi yangu yalikauka yakiwa yamefika gotini. Tukala mtama. Nilikula nimenuna.

Halafu nikakimbia. Nasema wazi. Watu walisema Baba Luhende amekwenda kutafuta. Nilikimbia. Shamba limekataa, ng'ombe wanakufa, mke kila akiniangalia naona visiki machoni mwake. Nikapanda lori lile lile, juu ya magogo yangu ya mwisho yaliyobaki, nikaenda kuwa kibarua wa shimo.

Kule ndiko nilikojua kazi ya mti. Shimo la dhahabu halina huruma. Unashuka kwa kamba, unachimba, na pembeni mwamba umeoza unakusikiliza. Siku yangu ya kwanza nilichimba bila kuegemeza. Msimamizi wetu, Mzinza mmoja mwenye meno mapana, akanivuta shati kutoka nyuma. "Wewe Msukuma, unadhani unachimba viazi? Weka matimba! Ukifa humu nitakuacha humu humu, sina kamba ya kuchezea." Nikajifunza. Mti wa kusimama, mti wa kulala, fito nyuma yake, majani nyuma ya fito. Ardhi ikitaka kushuka, mti unalia kwanza. Unasikia kabisa, kwii. Unapata muda wa kutoka. Mchanga peke yake haulii.

Mwaka juzi nilikuja nyumbani kiangazi. Nikaenda mtoni na mama yako kumsaidia ndoo. Nilipokuwa mtoto, kiangazi ulikwangua mchanga kwa mikono, maji haya hapa, unakunywa na ng'ombe anakunywa. Safari ile nilikuta shimo la kumfunika mtu. Wanawake wameweka ngazi. Mmoja anashuka na kata, anachota, anampa wa juu. Kuta za mchanga mtupu, zimelowa chini, zimekauka juu. Mtoto wa machimboni asingekubali kushuka mle hata kwa kupigwa.

Nikamwambia, "Hili shimo linataka matimba."

Akaniambia, "Basi yaweke."

"Miti iko wapi?"

Akanitazama tu. Halafu akasema, "Ipo kwangu, lakini bado myembamba."

Nikasema, nikirudi nitakuja na magogo. Kesho yake lori likapita, nikapanda. Nilirudi safari nyingine, magogo sikuja nayo. Nilikuja na kanga.

Hii ndiyo habari yangu yote, Luhende. Fundi wa kuzuia shimo lisianguke, mke wake kafa shimoni. Uliposema jana kwamba kukaa ndiyo sijui, ulikosea kidogo. Nilikaa. Nilikaa pale ukingoni, nikaliona shimo, nikajua, nikaondoka. Afadhali ningekuwa sijui.

Siku yenyewe sikuwepo. Wewe ulikuwepo, ulimchimba kwa mikono, na ulimzika kabla sijafika. Mimi dereva wa lori alinipa habari ikiwa imeshasemwa na kila mtu, nikafika udongo wa kaburi umeshakauka. Mambo niliyoyajua niliyapata kwa Mama Sayi. Anasema zamu ilikuwa yake yeye, siyo ya mama yako. Walikuwa wanataniana. Mama yako akamwambia, "Wewe na kiuno hicho utabomoa shimo la watu, pisha nishuke mimi." Wanawake wakacheka. Akashuka. Akatoa kata ya kwanza, akatoa ya pili, akasema maji ya leo matamu. Halafu mchanga ukashuka. Anasema hakusikia kitu. Wakachimba kwa mikono, kwa kata, kwa sufuria. Mama Sayi mpaka leo hanywi maji ya mto ule. Anakwenda mbali kule kwenye lambo la ng'ombe, anakunywa tope.

Nimekasirika. Nimekasirikia mvua, na mvua haina masikio. Nimekasirikia waliotupanga kama meno na wasiulize ng'ombe watakula wapi. Nimekasirikia wale vijana waliosema mvua imezuiwa na bibi yako kwa sababu macho yake mekundu. Macho mekundu! Mzee amepikia kinyesi cha ng'ombe maisha yake ya uzeeni, kuni hakuna, sisi tulizimaliza, moshi umemla macho, halafu wanasema mchawi. Na wakasema ngitili ya mama yako ina dawa, mbona kwake tu kubichi? Najua ulipigana na mtoto wa jirani kwa ajili ya maneno hayo. Ulifanya vizuri. Sikukwambia wakati ule kwa sababu sikuwepo.

Dawa yake ilikuwa hii, uijue. Alichukua kile kipande nyuma ya nyumba ambacho hata mbuzi walikuwa wamekidharau. Akapanda minyaa kuzunguka. Wanawake wakamcheka mtoni, "Mama Luhende anafuga majani, atayakamua lini?" Akasema, "Njooni na vikombe." Akachimba mfereji mdogo, mvua ikija kwa fujo maji yanatoka njiani yanaingia kwake badala ya kwenda mtoni. Visiki vya migunga vilivyokuwemo hakuving'oa. Vikachipua. Kila kisiki akakiachia machipukizi machache yaliyonyooka, mengine akayakata kwa kuni. Sasa hivi ni manene kama mkono wangu. Nilimuuliza, za nini fito hizi? Akasema, "Za shimo. Kwa kuwa fundi wangu hana nafasi."

Ndiyo maana nilisimama jana na fimbo. Sikuwa nalinda majani. Nilikuwa nalinda kazi ya mama yako isiingiwe na mtu, na huyo mtu nilidhani ni wewe. Leo nimekaa pale ndani tangu mchana, kwenye majani, jua linanipiga, nikafikiri, yeye angesema nini. Na mimi nimechelewa kumsikiliza, lakini sauti naijua. Angesema, mpumbavu wewe, ngitili inafungwa ili ifunguliwe. Mwezi huu ndio wenyewe. Nje hakuna kitu. Ng'ombe wanakwenda safari. Kama siyo leo, lini?

Kwa hiyo ulikuwa na haki. Andika hiyo mahali, baba yako amesema. Ila hukuwa na haki yote. Ulitaka kuingiza zizi zima kwa pengo moja wakanyage kila kitu. Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi kule kwa babu yako.

Nimeigawa. Nimeweka miiba katikati, toka kwenye kisiki chenye nyuki mpaka kwenye kona ya nyumba ya bibi. Upande wa machweo ni wako. Alfajiri fungua pale pale ulipokata, ile miiba yangu ivute. Tanguliza ndama na wale wenye mimba, wakishiba watoe, halafu waingie wengine. Upande wa mawio usiguse. Huo wa ndama utakaomwachia mdogo wako Limi, na wa mbegu kurudi chini. Na fito hakuna kukata, hata ya kuswagia ng'ombe. Bibi atalinda. Unajua mdomo wake. Ule mdomo ni ua tosha.

Sasa ya huko mwendako, halafu nimalize, mwanga unakwisha.

Huko mtakuta nyasi nyingi. Jilala atafurahi, atasema tumefika mbinguni. Hata baba yangu alipofika hapa na baba yake, palikuwa mbinguni. Mtakuta wenye nchi, na wenye nchi watasema Wasukuma wamekuja na ng'ombe wao kutumaliza. Utakasirika. Usikasirike haraka, kwa sababu wanaweza kuwa wanasema kweli. Waulize wao wenyewe maji yao yanatoka wapi na kiangazi wanalisha wapi. Halafu kabla hujajenga nyumba, kabla hujatafuta mke, funga kipande. Nyasi zikiwa nyingi. Hapo ndipo pagumu. Kufunga wakati hakuna kitu ni rahisi, umeshashindwa tayari. Wenzako watakucheka kwamba unafuga majani. Wape vikombe.

Ng'ombe wakizidi, uza. Sitaki kusikia jina letu likitajwa kwa wingi wa ng'ombe. Nilikuwa nao wengi, jua likawachukua bila kunipigia hodi, nikabaki na ngozi. Lima mtama hata kama ndege watakusumbua, teo unalijua, ila angalia majogoo ya watu.

Na ukichimba maji, weka matimba. Hata shimo likiwa la kiunoni. Mwaka huu kiunoni, mwaka kesho shingoni, na hakuna anayekumbuka siku ya kusimama na kusema sasa ni refu. Mti wa kusimama, mti wa kulala, fito, majani. Uliona nilivyofanya hapa.

Uliona, najua. Nilipokuja baada ya msiba nilikuja na magogo juu ya lori, ya zamani, tuliyatoa kwenye shimo lililoachwa. Labda mengine ni ya ngitili ya babu yako, labda siyo. Mti ukishakaa shimoni unakuwa mweusi, huujui tena. Nilianza kuyaweka mtoni peke yangu. Nikatia na pipa nililotoboa chini, maji yaingie mchanga ubaki. Wewe ulisimama ukingoni siku nzima, mikono nyuma kama askari. Sikukuita. Ningekuitaje? Halafu lile gogo la mwisho likanizidi, likaanza kunilalia bega. Ukashuka. Ukalishika upande wa pili, tukalisimamisha. Ukapanda ukaenda zako. Nimezunguka machimbo miaka mingi, nimeshikiwa magogo na watu wengi. Hilo nalikumbuka.

Shimo la hapa sasa limesimama. Wanawake wanashuka. Mama Sayi bado hataki, nimemwambia nitashuka mimi kwanza yeye aone, akasema, "Wewe shuka, shemeji, mimi nitakuangalia kwa mbali." Kule juu kwenye kona ya mto kuna mashimo mengine ya wanawake wa kijiji cha pili, marefu kuliko hili, mchanga mtupu. Hakuna gogo hata moja. Fito za mama yako bado nyembamba. Yale mashimo yaliyoachwa kule Kharumwa yamejaa magogo yanaozea chini, na dereva amekubali kunibebea akirudi mtupu. Jana uliniuliza kwa hasira kama kweli narudi kule kule. Ndiyo. Safari hii nakwenda kuyatoa, siyo kuyapeleka, na mchana lazima nichimbe ili nile. Bibi na Limi nimewaambia nitakuja kila lori linapokuja. Hawajaniamini. Wana haki.

Kesho mkipita mtoni nywesheni ng'ombe kwanza. Kabla ya wote shuka wewe, unywe. Shika lile gogo la mwisho, lisukume kwa nguvu zako zote. Likitikisika, niite, nitakuwa barabarani pale kwenye mzani wa pamba nasubiri lori. Lisipotikisika, nendeni.

Giza limeingia, sioni mstari.

Kesho narudi kazini.

Baba yako